Kinyozi Chizuru na Seli Zilizoshindwa Kujisafisha

Kufika saa mbili na nusu asubuhi, Chizuru alikuwa ameshaondoa theluji mlangoni. Taulo zilikuwa zimeshaingia kwenye sanduku la mvuke. Wembe ulikuwa umeshanolewa. Alibonyeza swichi, na nguzo ya rangi tatu, alama ya vinyozi, ikaanza kuzunguka nje ya duka lao la kinyozi.

Duka lilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa cha Chizuru. Kingine kilikuwa cha mama mkwe wake, Bi Tomie. Bi Tomie alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ole wake mtu aliyemwita kizee.

Asubuhi Chizuru alifanya kazi vizuri. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Alinyoa kidevu, akanyoa masikio, akanyoa hata paji la uso, na mteja akasinzia kitini.

Shida ilikuwa mchana. Ikifika saa nane, mguu wake wa kushoto ulianza kujipinda kwa ndani. Vidole vya mguu vilijikunja vyenyewe kama vinataka kushika sakafu. Ikifika saa kumi, mkono wa kulia nao ulianza kutetemeka. Chizuru aliuficha mfukoni mwa koti lake jeupe. Aliutoa, akaurudisha, akautoa tena. Alitembea kutoka kwenye sinki hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi kwenye sinki.

"Tulia basi, unanizungusha kichwa!" Bi Tomie alimwambia. "Kama huna mteja, keti."

"Nikiketi ninakakamaa, Mama."

"Basi simama."

"Nikisimama mguu unauma."

Bi Tomie aliguna. "Uketi hutaki, usimame hutaki. Utaning'inia kwenye dari?"

Kitu kimoja kilimkasirisha zaidi Bi Tomie. Chizuru akilala saa moja tu, aliamka mzima. Mguu ulinyooka na mkono ulitulia. Kisha baada ya muda yote yalirudi.

"Ugonjwa gani huu unaoponywa na godoro?" Bi Tomie alimuuliza mwanawe, Kunihiko, mume wa Chizuru. "Mimi nimenyoa watu miaka hamsini. Sijawahi kulala mchana."

Kunihiko alikuwa dereva wa gari la halmashauri la kusukuma theluji. Msimu ule theluji ya Akita, kaskazini mwa Japani, haikumpa nafasi ya kupumua. Alijibu kwa mkato, "Amechoka tu, Mama."

Jumanne moja ya Januari, Bwana Sugae alikuja kunyolewa saa kumi jioni. Alikuwa seremala mstaafu, mtu wa mizaha, na kwa kawaida alikuja asubuhi. Siku ile alichelewa kwa sababu ya kuondoa theluji juu ya paa lake.

"Nikupunguze wapi leo, Bwana Sugae?" Chizuru aliuliza.

"Nipunguze miaka. Nywele ziache, zimebaki chache."

Chizuru alicheka. Alimfunika taulo la moto, akampaka povu, akashika wembe. Alibana kiwiko ubavuni ili mkono usitetemeke. Alinyoa shavu la kwanza. Alipofika chini ya sikio, mkono uliruka.

Damu ilishuka hadi kwenye kola. Haikuwa damu nyingi, lakini ilikuwa chini ya sikio, karibu na mshipa wa shingo.

"Aa! Hilo sikio nimezaliwa nalo," Bwana Sugae alisema. Lakini safari hii hakucheka, na Chizuru alikiona kidevu chake kikitetemeka chini ya povu.

Bi Tomie alimalizia kunyoa. Mteja alipoondoka, alimsogelea Chizuru akamnusa mdomo.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natafuta harufu ya pombe."

"Mimi sinywi. Unajua sinywi."

"Ninachojua ni kwamba ungemuua mtu leo. Nipe huo wembe."

Aliuchukua, akaufungia kwenye droo, akatia ufunguo kifuani.

Wiki iliyofuata Bi Ikuyo alikuja kunyolewa shingo. Bi Ikuyo alikuwa muuguzi wa afya ya jamii katika ofisi ya mji. Kila mwezi alipima shinikizo la damu la wazee katika ukumbi wa mtaa, na wazee walimwogopa kuliko polisi. Bi Tomie ndiye aliyemnyoa. Chizuru alikunja taulo pembeni. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Bi Ikuyo alimtazama Chizuru kwenye kioo.

"Chizuru, mguu huo umeanza lini kujipinda?"

"Mguu gani? Ni hizi kandambili tu."

"Hata mkono una kandambili?"

Bi Tomie alidakia, "Mwambie, Bi Ikuyo! Asubuhi mzima, mchana anatetemeka, akilala anapona. Mimi nasema ni uvivu au ni pombe."

Bi Ikuyo aligeuka kitini, povu likiwa bado shingoni. "Akilala anapona? Una hakika?"

"Ninakaa naye nyumba moja."

"Basi huo si uvivu, Bi Tomie. Hiyo ni dalili, na daktari atataka kuisikia." Akamgeukia Chizuru. "Mwanangu, kwenu kuna mtu mwingine aliyewahi kupata hali hii? Baba, mama, ndugu?"

Chizuru aliangusha taulo. Aliliokota.

"Hakuna," alisema.

Bi Ikuyo hakumlazimisha. Aliandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya mjini Akita; miadi ilikuwa baada ya siku kumi. "Daktari atakuuliza swali hilo hilo," alimwambia mlangoni. "Jibu lake linaweza kumfupishia njia. Fikiri vizuri."

Siku zile kumi Chizuru hakutulia hata kidogo. Alianza kuosha vyombo akaviacha. Alikwenda dukani kununua figili akarudi na chumvi. Alimtazama binti yake wa miaka minane, Mitsuki, akiandika kazi ya shule. Kila penseli ilipomteleza mtoto, Chizuru alimkagua vidole.

Maana alikuwa amemdanganya Bi Ikuyo. Alikuwa na kaka.

Kaka yake aliitwa Yasuo. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alianza kutetemeka akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliacha kazi katika kiwanda cha mbao, akaingia chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wao. Tangu hapo hakutoka tena. Mama yao, Bi Kiyo, aliwaambia majirani kwamba Yasuo amepata kazi mbali, mjini Osaka. Chizuru alipoposwa, mama yake alimketisha na kumwapisha: kwa wakwe, usimtaje kaka yako. Wakijua kuna ugonjwa katika damu yetu, watakurudisha.

Siku ya nane Chizuru alipanda treni. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa umbali wa vituo viwili tu. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

Yasuo alikuwa ameegemea ukuta. Uso wake haukuwa na mikunjo, kama uso wa mtu asiyesikia wala furaha wala huzuni. Lakini macho yalikuwa yake yale yale.

"Umekuja siku isiyo ya sikukuu," alisema taratibu. "Kuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Basi vua soksi."

"Nini?"

"Umeingia unachechemea. Vua soksi, nione mguu."

Chizuru alivua. Vidole vilikuwa vimejikunja. Yasuo alivitazama. Midomo yake ilichukua muda kufunguka.

"Mimi nilianza hivyo hivyo," alisema. "Kushoto. Jioni jioni."

Chizuru alilia. Alimweleza yote: wembe, damu, barua ya daktari, swali la Bi Ikuyo. Mama yao alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Usiseme," Bi Kiyo alisema. "Chizuru, una mtoto wa kike. Utamharibia maisha."

"Mama," Yasuo alisema, "mimi nimekaa humu miaka kumi na sita. Nani ameharibikiwa?"

"Nilikuwa nakulinda!"

"Najua. Lakini hukunipeleka kwa daktari hata mara moja, kwa sababu daktari angeandika jina langu." Akamgeukia dada yake. "Nenda ukalitaje jina langu. Litaje kwa sauti."

Bi Kiyo aliweka sinia chini. Chai ilimwagika, wala hakuifuta.

Jioni ile Chizuru aliwaita mume wake na mama mkwe mezani. Walikuwa wanakula wali, supu ya miso ya soya iliyochachushwa, na figili zilizokaushwa kwa moshi. Aliweka vijiti chini akasema, "Nina kaka. Anaitwa Yasuo. Amefichwa chumba cha nyuma kwetu miaka kumi na sita. Ni mgonjwa, na mimi nadhani nina ugonjwa wake."

Kunihiko aliacha kutafuna. Chizuru alingoja kufukuzwa.

Bi Tomie ndiye aliyesema kwanza. "Miaka kumi umekula meza hii na jambo hilo tumboni?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo maana hunenepi." Alijifuta macho kwa ukali, kana kwamba yamemkosea. "Nami nikakunusa mdomo. Kunihiko, wewe utampeleka hospitali, yeye na kaka yake. Theluji itajisukuma yenyewe siku moja."

Daktari aliwapima Chizuru na Yasuo. Aliwaambia watembee, wageuke, wafungue na kufunga vidole haraka. Walipigwa picha za ubongo. Wakatolewa damu ili urithi wao uchunguzwe. Majibu yalichukua wiki nyingi. Yalipokuja, yalikuwa na jina: Pakinsoni ya ujanani, aina ya kurithi.

Jumatatu iliyofuata vinyozi wa mji walikuwa wamefunga kama kawaida yao. Bi Ikuyo alikuja dukani kuwaeleza. Bi Kiyo naye alikuja kwa treni, akaketi karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kukimbia. Yasuo alikaa kwenye kiti cha Chizuru.

"Daktari ametueleza," Kunihiko alisema. "Lakini nimeelewa nusu. Anasema seli hazijisafishi. Seli si kitu kidogo sana? Inachafuka vipi?"

"Ni kidogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho," Bi Ikuyo alijibu. "Mwili wote umejengwa kwa seli. Lakini ndani ya kila seli kuna viungo vidogo zaidi, na kila kimoja kina kazi yake. Vingine vinatengeneza nguvu. Hivyo vinaitwa mitokondria. Bila hivyo, seli haina nguvu ya kufanya lolote. Sasa, kitu kinachofanya kazi usiku na mchana huwaje?"

"Huchakaa," Bi Tomie alisema.

"Huchakaa. Mitokondria iliyochakaa hutoa nguvu kidogo na sumu nyingi. Bi Tomie, taulo zako za dukani zikichakaa unazifanyaje?"

"Siwezi kumfunika mteja taulo lililotoboka. Nalitia uzi mwekundu pembeni ili tusilichanganye na mazima. Kisha nalikata, naunga vipande, nashona dekio. Mitsuki hupeleka shuleni kusugulia sakafu."

"Seli nayo hufanya kitu kama hicho. Mitokondria ikichakaa, protini moja maalumu huitambua na kuiita nyingine, iitwayo parkini. Hizo mbili huiwekea alama. Seli ikiona alama, inaizungushia utando mwembamba mpaka inakuwa ndani ya kifuko. Kifuko hicho kinaungana na kifuko kingine chenye maji makali ya kumeng'enya. Mitokondria inavunjwavunjwa. Na vipande vyake havitupwi. Seli inavichukua na kujengea vitu vipya."

"Yaani seli inajila yenyewe?" Yasuo aliuliza.

"Inakula vitu vyake vilivyochakaa, ndiyo. Ndivyo wataalamu walivyouita mchezo huo: kujila. Hufanyika ndani yetu sote, hata sasa hivi tukiongea."

"Na ndani yetu sisi wawili?"

"Ndani yenu protini ya kuweka alama, parkini, haifanyi kazi. Mitokondria mbovu haipati alama ya kutosha. Inabaki humo humo. Wataalamu wanaamini kwamba hapo ndipo madhara yanapoanza. Seli nyingi za mwili huvumilia. Lakini katikati ya ubongo kuna seli zenye kazi ngumu mno. Zinatengeneza dopamini, kitu kinachosaidia mwili kusogea vizuri. Hizo hazivumilii. Zinakufa moja moja. Dopamini inapungua, mtu anakakamaa na kutetemeka."

Bi Kiyo aliuliza kwa sauti ndogo, bila kuinua uso, "Ni damu yangu iliyowaletea?"

"Bi Kiyo, kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza parkini. Moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja nzima kwa kawaida inatosha. Wewe ulikuwa na moja mbovu na moja nzima. Marehemu mume wako vivyo hivyo. Hamkuugua, hivyo hamkuweza kujua. Watoto wenu hawa wawili walipata mbovu zote mbili. Si kosa lako, si kosa la mtu yeyote."

"Na Mitsuki?" Chizuru aliuliza haraka. Swali hilo alikuwa nalo tangu Januari.

"Kwako atakuwa amepata nakala mbovu, maana huna nyingine. Kwa baba yake, inaelekea sana amepata nzima. Kunihiko anaweza kupimwa mkitaka kuwa na uhakika. Kama yake ni nzima, hakuna sababu ya kumtarajia Mitsuki augue ugonjwa huu."

Chizuru alishika ukingo wa sinki. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, hakutembea.

"Mimi nina swali," Kunihiko alisema. "Mwenzangu kazini anasema mtu akikaa na njaa, seli zinajisafisha zaidi. Mke wangu afunge kula?"

"Njaa huamsha usafi huo, hilo ni kweli. Lakini haijathibitishwa kwamba kufunga kunatibu ugonjwa huu, na mashine yao ya kuweka alama ni mbovu, washibe au wakae na njaa. Chizuru akiacha kula atakonda, ataishiwa nguvu, ataanguka. Asijaribu bila daktari."

"Dawa je?" Bi Tomie aliuliza. "Inarudisha hiyo... parkini?"

"Hapana, sitawadanganya. Bado hakuna dawa ya kuponya. Vidonge alivyoandika daktari vinaupa ubongo malighafi ya kutengeneza dopamini inayokosekana. Watu wa aina hii ya ugonjwa mara nyingi husaidiwa na dozi ndogo, na ugonjwa wao huenda polepole. Lakini sikilizeni. Vidonge vinamezwa kwa saa yake, kwa maji, kama nusu saa kabla ya chakula. Samaki na maharage ya soya kwa wingi vikiliwa pamoja na dawa huweza kuizuia kuingia vizuri. Usiongeze dozi mwenyewe, mwili utaanza kujinyonganyonga. Usiache ghafla, ni hatari. Na mazoezi kila siku. Kutembea, kunyoosha viungo, hata kucheza."

"Yasuo acheze?" Bi Kiyo aliuliza, na kwa mara ya kwanza akakaribia kutabasamu. "Hata kabla hajaugua alikuwa anakanyaga watu."

"Mama," Yasuo alisema, "ugonjwa umenipa kisingizio."

Bi Ikuyo aliongeza jambo moja kabla ya kuondoka. "Maagizo ya parkini yaligunduliwa hapa hapa kwetu Japani. Yaligunduliwa kwa sababu familia zenye wagonjwa kama hawa zilikubali kuchunguzwa. Zingenyamaza, leo nisingekuwa na cha kuwaeleza."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza vidonge vilimtia Chizuru kichefuchefu. Alitaka kuviacha. Bi Tomie alimsimamia na glasi ya maji mkononi. "Meza," alisema. "Nilipokuwa nakutukana ulikuwa unavumilia. Vumilia na hili." Daktari alibadilisha dozi kidogo, na kichefuchefu kikapungua.

Chizuru aliandika katika daftari saa za kumeza dawa, saa za mwili mwepesi, na saa za mwili mzito. Daktari alilisoma daftari lile kwa makini. Akamwambia afanye kazi ya wembe katika saa za mwili mwepesi tu, na auweke chini mara aonapo mabadiliko. Bi Tomie alimrudishia ufunguo wa droo. Walipanga hivi: asubuhi wembe ni wa Chizuru. Mchana Chizuru anaosha nywele na kupokea wateja, na wembe ni wa Bi Tomie. Wateja waliuliza sababu. Chizuru aliwaambia, kwa jina la ugonjwa. Wawili hawakurudi tena. Wengine wote walirudi.

Yasuo alianza kwa hatua kumi sebuleni. Kisha akatoka uani. Aprili, theluji ilipoyeyuka, alianza kwenda mazoezi katika ukumbi wa mtaa wa kina Chizuru, mara mbili kwa wiki. Mara ya kwanza alisindikizwa. Mara ya tano alikataa kusindikizwa.

Siku hiyo Bi Kiyo alimngoja nje ya nyumba. Hakuweza kukaa. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alikwenda hadi pembeni ya barabara, akarudi. Jirani yake wa mkabala, Bi Sawae, alikuwa anaanika nguo.

Saa sita kasoro kidogo Yasuo alitokea upande wa stesheni. Alitembea polepole, mkono mmoja haukupunga vizuri, lakini alitembea peke yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa aliyoyanunua njiani.

Bi Sawae alisimama na shuka mkononi. "Bi Kiyo, yule ni nani anayekuja kwako?"

Bi Kiyo aliegemeza ufagio ukutani.

"Ni mwanangu Yasuo."

"Yule wa Osaka? Amerudi likizo?"

"Hajawahi kufika Osaka," Bi Kiyo alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuishusha. "Miaka yote alikuwa humu ndani, mgonjwa. Mimi ndiye niliyemficha. Sasa anatibiwa."

Bi Sawae aliitundika shuka, ikawa upande upande, akaiacha hivyo. Yasuo alipofika, aliinama kidogo kumwamkia, akafungua mfuko na kumpa machungwa mawili.

"Yamenishinda uzito," alisema. "Nisaidie."

Bi Sawae aliyapokea kwa mikono miwili. "Ingia upumzike," alimwambia. "Mama yako amechakaza barabara kwa kukungoja."